Kipimajoto Kimoja, Majibu Mawili

Mwanafunzi wa Chuo cha Misitu cha Kenya pale Londiani akitaka kujua watafiti wamegundua nini kuhusu msitu wa Mau, hahitaji tena kupanda matatu hadi maktaba ya chuo kikuu Nairobi. Makala nyingi za majarida ya kisayansi ziko wazi kwenye intaneti, na simu yenye bando inatosha. Afisa wa afya wa Kipkelion yuko katika hali hiyo hiyo, na mtangazaji wa redio mjini Kericho vilevile. Shida ya kuzipata makala imepungua. Shida ya kuzisoma iko pale pale, na pengine imezidi, kwa sababu sasa wanaozinukuu ni wengi kuliko wanaozisoma. Desturi iliyoenea ni kutazama kichwa, kupitia ikisiri, kuruka hadi aya ya mwisho, kisha kuandika kwamba "utafiti umethibitisha". Wengi huikosoa desturi hiyo kwa sababu ni ya haraka. Mimi sina ugomvi na haraka. Kasoro yake ni kwamba inaanzia na kuishia katika sehemu za makala zenye ushahidi haba kuliko sehemu nyingine zote. Makala ya utafiti ni jibu la swali dogo, lililopatikana kwa data fulani, za mahali fulani, zilizoanza mwaka fulani na kuishia mwaka fulani. Asiyeijua mipaka hiyo hajui makala imesema nini, hata akilikariri hitimisho neno kwa neno.

Mfano wa jambo hili uko hapa hapa kwenye nchi ya chai, na umeyashughulisha majarida makubwa ya dunia kwa zaidi ya mwongo mmoja. Mji wa Kericho uko juu, mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ndiyo iliyokuwa kinga ya wenyeji. Kimelea cha malaria kilicho hatari zaidi, Plasmodium falciparum, hukomaa ndani ya mwili wa mbu, na joto la wastani likishuka kufikia nyuzi 18 au 16 hivi, ukomavu huo hukawia mpaka mbu anakufa kabla ya kumwambukiza mtu. Katika nyanda kama hizi, basi, nusu nyuzi ya joto si jambo la kupuuza. Miaka ya 1980 na 1990 wagonjwa wa malaria waliongezeka katika hospitali za mashamba ya chai, na swali likazuka lenyewe: je, ni hali ya hewa iliyobadilika, au kuna jambo jingine?

Februari 2002 jarida la Nature lilichapisha makala ya Simon Hay na wenzake. Walichagua maeneo manne ya nyanda za juu ambako malaria ilikuwa imeripotiwa kurudi: Kericho, Kabale nchini Uganda, Gikonko nchini Rwanda na Muhanga nchini Burundi. Wakachunguza mwelekeo wa joto, mvua na mvuke wa hewani kuanzia 1911 hadi 1995. Jibu lao lilikuwa kwamba hakuna mabadiliko yenye uzito wa kitakwimu, si kwa karne nzima wala kwa kipindi kile malaria ilipokuwa ikiongezeka. Miaka minne baadaye, mwaka 2006, Mercedes Pascual na wenzake wakachapisha katika PNAS, jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, makala kuhusu maeneo hayo hayo manne, kwa data za chanzo kile kile, isipokuwa safari hii walianza 1950 na kufika 2002. Wakasema joto limepanda katika maeneo yote manne. Waliongeza hesabu za kuzaliana kwa mbu zilizoonyesha kwamba badiliko dogo la joto laweza kuzaa badiliko la idadi ya mbu lenye ukubwa wa angalau mara kumi zaidi.

Anayeandika ripoti ya mradi wa tabianchi ataichukua ile ya 2006. Anayezishuku habari zote za tabianchi ataichukua ile ya 2002, na atajitapa kwamba ni Nature, si jarida la uchochoroni. Wote wawili watakuwa wamenukuu sawasawa, bila kupotosha hata sentensi moja, na wote wawili watakuwa hawajasoma. Maana ukisimama kwenye ikisiri una makala mbili zinazopingana na huna namna ya kuamua ila kuchagua inayokupendeza, au kuhesabu sifa za jarida, au kusema kwamba wanasayansi hawaelewani na kila mtu ashike lake. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo njia ya kujua kama Kericho imepata joto.

Fungua sehemu ya mbinu. Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba data za joto hazikusomwa moja kwa moja kwenye kipimajoto cha Kericho. Zilitoka katika hazina ya Kitengo cha Utafiti wa Tabianchi cha Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza. Hazina hiyo huigawa nchi kavu ya dunia katika miraba ya nusu digrii, kisha hujaza kila mraba kwa makadirio yanayokokotolewa kutoka vituo vya hali ya hewa vilivyo karibu, na mahali penye vituo vichache, makadirio hutegemea vituo vya mbali. Hapa karibu na ikweta nusu digrii ni kama kilomita 55 kila upande. Anayeijua nchi hii na ajipigie picha. Mraba wa ukubwa huo ukiikumba Kericho unatosha kuibeba na miwa ya Muhoroni, huko bondeni kwenye mita 1,300 hivi, ambako malaria haijawahi kuwa habari mpya. Wastani wa mraba wa namna hiyo si baridi ya Kericho wala si joto la Muhoroni. Ni hewa ya mahali ambapo hakuna anayeishi. Desemba 2002 Jonathan Patz na wenzake waliandika katika Nature hiyo hiyo wakililalamikia jambo hili hasa, na Hay na wenzake wakawajibu. Ila msomaji asikimbilie kushangilia: kasoro hiyo haimwachi salama Pascual, aliyetumia chanzo hicho hicho. Data za miraba zina kazi yake, na kwa swali la bara zima ni nzuri sana. Swali la kitongoji kimoja cha mlimani ndilo linalozitesa.

Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walichapisha katika Malaria Journal makala iliyorudi kwenye kipimajoto chenyewe. Walitumia vipimo vya kila siku vya kituo cha Kericho, kuanzia 1 Januari 1979 hadi 31 Desemba 2009, vilivyohakikiwa na kukamilika kwa zaidi ya asilimia 97. Joto la juu, joto la chini na joto la wastani, yote matatu yalikuwa yamepanda kwa takriban nyuzi 0.2 kila mwongo. Mwaka huo huo David Stern na wenzake, katika PLoS ONE, wakazipima upya data za miraba katika matoleo yake matatu, ya zamani na mapya, na pamoja nazo vipimo vya kituo vilivyoandaliwa na Omumbo. Toleo la zamani, lile la zama za makala ya 2002, halikuonyesha mwelekeo kwa vipindi vinavyoishia 1996. Matoleo mapya yalionyesha. Lakini la kusisimua zaidi ni la kituo. Ukitumia vipimo vya Kericho vya 1979 hadi 1995, hakuna mwelekeo wenye uzito. Ukivitumia vyote hadi 2009, mwelekeo ni dhahiri kabisa. Kipimajoto ni kimoja, mlima ni mmoja, kilichobadilika ni mwaka wa kuishia.

Kwa nini iwe hivyo? Jaribio la kitakwimu haliulizi kama joto limepanda. Linauliza kama kupanda kulikoonekana kunaweza kuwa ni kuyumba kwa kawaida, mwaka huu baridi, mwaka ule vuguvugu. Mwelekeo wa nyuzi 0.2 kwa mwongo ukiupa miaka 17 tu unapata thuluthi ya nyuzi, kiasi ambacho mwaka mmoja wa El Niño unaweza kukimeza. Ukiupa miaka 31 unapata nyuzi 0.6, na kuyumba kwa miaka kunaanza kushindwa kuuficha. Kwa hiyo makala inaposema haikupata mwelekeo wenye uzito, hiyo ni habari kuhusu joto na pia ni habari kuhusu urefu wa data, na msomaji anapaswa kuuliza ni ipi kati ya hizo inayozungumza zaidi. Mwaka 2016 Jumuiya ya Takwimu ya Marekani ilitoa tamko kuhusu matumizi ya thamani ya p, ile namba inayotumika kuamua uzito huo wa kitakwimu, na moja ya mambo iliyoyakumbusha ni kwamba thamani hiyo haipimi ukubwa wa athari wala umuhimu wa matokeo. Ajabu ni kwamba jambo hilo liliwalazimu wanatakwimu kulitolea tamko rasmi.

Mpaka hapo tumezungumzia joto peke yake, na wasomaji wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Kupanda kwa joto ni dai moja. Kwamba joto ndilo lililoleta malaria ni dai la pili, lenye data zake na mipaka yake. Mwaka huo huo wa 2002, katika jarida la Emerging Infectious Diseases, Dennis Shanks na wenzake walitumia rejista za hospitali ya shamba la chai la Kericho za kuanzia 1966 hadi 1995, miaka thelathini mfululizo, mwezi kwa mwezi. Waliolazwa kwa malaria waliongezeka, vipimo vya hali ya hewa havikuonyesha kubadilika, na watafiti hao wakaielekezea kidole zaidi klorokwini iliyokuwa ikishindwa na vimelea sugu. Kenya yenyewe iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998. Upande wa pili, David Alonso, Menno Bouma na Pascual waliandika mwaka 2011 wakitumia modeli ya hesabu kwa wagonjwa wa mashamba ya chai ya Kericho, wakaona kwamba kupanda kwa joto kulichangia kukua kwa milipuko ya miaka ya mwisho ya karne, ingawa hakutoshi kueleza kila kitu. Kisha makala ya Stern ikaleta jambo linalowasumbua wote: wagonjwa wa Kericho waliongezeka kati ya 1994 na 2002, halafu wakapungua hadi kiwango cha chini, huku joto likiendelea kupanda.

Rejista za hospitali nazo zinadai msomaji anayeuliza. Mashamba makubwa ya chai yana hospitali zake na huwatibu wafanyakazi na jamaa zao, kwa hiyo kumbukumbu zake ni hazina ambayo hospitali nyingi za umma zingeitamani. Lakini waliomo ni watu wa shamba. Mkulima mdogo wa Bomet anayeuza majani yake kwa kiwanda cha wakulima hayumo. Mchumaji aliyemeza dawa za dukani akapona nyumbani hayumo. Mfanyakazi aliyetoka likizoni kwao bondeni na kurudi na vimelea damuni yumo, ingawa mbu aliyemuuma si wa Kericho. Watafiti wenyewe wanayajua mambo haya na huyajadili; anayeruka hadi hitimisho ndiye asiyeyajua, na ndiye atakayeandika "malaria katika Kaunti ya Kericho" mahali ambapo makala iliandika "waliolazwa katika hospitali ya shamba".

Kuna ushauri maarufu kuhusu kusoma makala, ulioandikwa mwaka 2007 na Srinivasan Keshav, mtaalamu wa kompyuta. Anapendekeza kupita mara tatu, na mara ya kwanza, kwa dakika tano hadi kumi, usome kichwa, ikisiri, utangulizi, vichwa vya sehemu na hitimisho. Ni ushauri wa maana kwa fani yake, ambako makala mara nyingi hueleza kifaa au kanuni ambayo msomaji anaweza kuijaribu mwenyewe. Kwa utafiti wa uwandani, wa misitu, maji na magonjwa, naona mpango huo unamweka msomaji mikononi mwa mwandishi mapema mno. Namkubali zaidi Trisha Greenhalgh, daktari wa Uingereza, aliyeandika mfululizo wa makala katika jarida la tiba la BMJ mwaka 1997 kuwafundisha madaktari kusoma tafiti. Yeye anashikilia kwamba makala ihukumiwe kwa mbinu zake, si kwa mvuto wa hoja yake wala matokeo yake. Nikichukua msingi huo, utaratibu unakuwa huu. Ikisiri isomwe kwa ajili ya kulipata swali tu. Kutoka hapo msomaji aende kwenye mbinu na kuuliza nani au nini kilihesabiwa, wapi, tangu lini mpaka lini, na kikalinganishwa na nini. Kisha majedwali na grafu, kabla ya maelezo ya mwandishi kuzihusu. Hapo asimame na aandike kwa sentensi yake mwenyewe kile ambacho data hizo zingeweza kukionyesha na kile ambacho zisingeweza kwa namna yoyote. Sentensi hiyo ikishaandikwa, mjadala na hitimisho vinasomwa kwa macho tofauti, maana sasa kuna cha kulinganishia. Utangulizi unaweza kungoja, isipokuwa kwa aliye mgeni kabisa katika mada. Nao udhaifu ambao waandishi wameukiri wenyewe mara nyingi hukaa kuelekea mwisho wa mjadala, mahali ambapo mtu aliyechoka hafiki.

Swali la "kikalinganishwa na nini" lina historia yake katika misitu hii. Mwishoni mwa miaka ya 1950 shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, EAAFRO, lilianzisha jaribio lililobuniwa na Charles Pereira kusini magharibi mwa Mau. Mabonde mawili ya vijito yalipimwa mvua na mtiririko wake: Sambret, ambako msitu ulifyekwa kupisha chai, na Lagan, ambako msitu uliachwa. Matokeo yalichapishwa kwa hatua, na ripoti kubwa ikatoka mwaka 1979 katika East African Agricultural and Forestry Journal. Chai ilipokomaa, maji ya kijito cha Sambret hayakupungua kwa kiasi cha kutisha yakilinganishwa na ya bonde la msitu. Mtu akiishia kwenye sentensi hiyo anaweza kusimama mbele ya baraza la chifu na kutangaza kwamba kufyeka msitu hakudhuru maji. Mbinu zinamkataza. Bonde la Sambret halikufyekwa lote. Sehemu yake ya juu ilibaki na uoto wake. Chai ilipandwa na kampuni kwa mpango wa kuhifadhi udongo tangu siku ya kwanza. Na pale mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Kilicholinganishwa na msitu ni shamba la chai lililotunzwa, kwenye mvua nyingi, katika sehemu ya bonde. Viazi na mahindi vilivyoenea baada ya kumegwa kwa Mau mwaka 2001 havikuwemo kwenye ulinganisho huo, na jaribio halidaiwi jibu lake. Mwanafunzi wa Londiani anayebishania kama mikaratusi hukausha chemchemi angefanya vyema kulisoma jaribio hilo lote, kwa sababu sehemu kubwa ya ubishi wa mikaratusi ni watu wanaolinganisha vitu tofauti bila kuambiana: huyu anaulinganisha mti huo na nyasi, yule na msitu wa asili, mwingine na shamba tupu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya usomaji huu ni kwamba unadai takwimu ambazo msomaji wa kawaida hana. Afisa ugani hakusomea majaribio ya mwelekeo wala modeli za mbu, atazihukumu vipi? Pingamizi hili lina ukweli, lakini ni mdogo kuliko unavyosikika. Hakuna hata kitu kimoja katika niliyoyataja kuhusu miraba ya kilomita 55, mwaka wa kuishia, watu wa rejista au sehemu iliyofyekwa ya Sambret kinachohitaji zaidi ya hesabu za sekondari. Kinahitaji kuijua nchi. Mkazi wa Londiani anajua kwamba ukishuka kutoka Kericho hadi Muhoroni unavua koti, na ujuzi huo mhakiki aliyeko Ulaya anaweza kuukosa. Palipobaki panapohitaji mtaalamu kweli, kwa mfano kama jaribio la mwelekeo lilichaguliwa vyema, msomaji mwaminifu ataandika kwamba hapo amemwamini mwandishi, na ataendelea. Kujua mahali unapoamini bila kukagua ni sehemu ya kusoma.

Wengine husema kazi hiyo imeshafanywa: makala imepitiwa na wahakiki kabla ya kuchapishwa, sisi ni nani tuirudie? Lakini makala ya 2002 na ya 2006 zote mbili zilipitiwa. Uhakiki huamua kama kazi inastahili kusomwa na wengine. Hauamui kama imefunga mjadala. Ushahidi mzuri uko kwenye orodha ya waandishi wa makala ya Stern ya 2011, ambako unawakuta Hay, Shanks na Robert Snow, watu wa makala ile ya Nature. Walirudi kwenye swali lao wenyewe wakiwa na data ndefu zaidi na bora zaidi, wakachapisha matokeo yaliyobadilisha sehemu ya jibu lao kuhusu joto. Aliyesoma hitimisho tupu ataona watu wanajipinga. Aliyesoma mbinu ataona kazi moja inayoendelea.

Kuna pingamizi lenye uzito kuliko hayo, nalo ni la hofu: kwamba ukimzoesha mwananchi kutafuta nyufa katika kila utafiti, utamlea asiyeamini chochote, na kesho atakataa chanjo. Hofu hii siidharau, kwa kuwa wapo wanaotumia mipaka ya utafiti kama fimbo ya kuupigia utafiti wote. Lakini tazama aina mbili za shaka. Shaka ya anayesema wanasayansi wamehongwa haina anwani. Haiwezi kuonyeshwa data zitakazoiondoa. Shaka iliyotokana na mbinu ina anwani kamili: data hizi ni za mraba, hebu tuone za kituo, zimeishia 1995, hebu tuone za baadaye. Data za kituo zilipokuja mwaka 2011, shaka hiyo ilikuwa na mahali pa kufia, na ikafa: Kericho imepata joto, na sasa hata walioshuku mwanzoni wameandika hivyo. Shaka ya aina ya kwanza ingali hai hadi leo na itaishi miaka mingi.

Muda je? Mtu mwenye kazi, watoto na foleni ya wagonjwa hawezi kusoma makala sita ili aandike aya moja. Hilo nalikubali bila kuzungusha, na jibu langu ni kusoma chache. Makala moja iliyosomwa mbinu ina faida kuliko kumi zilizosomwa ikisiri, na mradi wa diploma wenye marejeo manane yaliyoeleweka unastahili alama kuliko wenye arobaini yaliyookotwa, ingawa najua wasimamizi wengi bado huhesabu idadi. Siku hizi kuna wanaozikabidhi makala kwa programu za akili mnemba zifupishe. Programu hizo zinaweza kusaidia kueleza istilahi ngumu, hata kwa Kiswahili. Ila ukiziomba muhtasari tu, mara nyingi hukurudishia ikisiri kwa maneno mengine, yaani mahali pale pale tulipokuwa tukitaka kutoka. Ziulize data zilianza na kuishia mwaka gani, zilitoka kituo kipi, nani hakuhesabiwa. Kisha fungua ukurasa uhakikishe, kwa sababu nazo hukosea kwa kujiamini kabisa.

Anayetaka kujizoeza kwa mfano huu wa Kericho hana gharama kubwa. Malaria Journal, PLoS ONE na Emerging Infectious Diseases husomwa bila malipo. Ile ya Nature ikidai pesa, taasisi nyingi za Kenya zina njia ya kuipata kupitia mpango wa Research4Life, na isipowezekana, anwani ya baruapepe ya mwandishi mhusika huwa imeandikwa kwenye makala yenyewe. Kumwomba nakala ni jambo la kawaida katika fani hii. Ningeanza na Stern ya 2011, kwa sababu inaziweka pamoja data za miraba na vipimo vya kituo, halafu Omumbo, halafu nirudi nyuma kupitia Pascual hadi Hay. Kutoka hapo, Google Scholar itaonyesha waliozinukuu baadaye, ambako majibu mapya hujitokeza. Swali la kwa nini wagonjwa walipungua Kericho baada ya 2002 utalikuta na washindani kadhaa: dawa mpya ya mseto ambayo Kenya iliipitisha kama dawa ya kwanza mwaka 2004 na kuisambaza 2006, vyandarua vyenye dawa, unyunyiziaji wa kuta. Angalia miaka. Upungufu ulioanza baada ya 2002 ulitangulia dawa iliyosambazwa 2006, na mwanafunzi anayetafuta mada ya mradi anaweza kuanzia hapo.